Mkono Usiguse Barafu

Mwaka 2016, kwenye harusi moja Temeke, nilimwaga mtaroni karibu kilo 40 za barafu safi huku wageni 300 wameshakaa na juisi haijapoa. Mama wa bwana harusi alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Barafu yenyewe haikuwa na taka hata chembe. Ilikuwa inameta, na tatizo lilikuwa hilo hilo la kumeta.

Dakika chache kabla ya hapo, kijana mmoja wa meza ya vinywaji alikuwa na haraka. Chepe dogo la kuchotea lilikuwa limepelekwa meza ya pili, yeye ana bilauri mkononi, foleni inasogea. Akaitumbukiza bilauri kwenye ndoo ya barafu na kusukuma. Nikasikia mlio mdogo sana, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Alipoitoa, ukingo wake ulikuwa umepungua kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nikamwuliza kipande kiko wapi. Akainama kukitafuta kwa mkono, nikamshika kiwiko.

Kioo ndani ya barafu hakionekani. Unaweza kukaa na taa, ukatandaza kanga nyeupe, ukachambua punje moja moja kama unachagua mchele, na bado usiape kwamba umekitoa chote. Huwezi kuchuja, kwa sababu kinachobaki kwenye chujio ni barafu pamoja na kioo. Unamwaga yote, unaosha ndoo, unaanza upya. Watu wa baa na mahoteli hufundishwa jambo hili siku ya kwanza kazini. Mimi nilikuwa nalijua, nikawa sijamwambia yule kijana.

Tangu siku ile naangalia vifaa vya barafu kwa jicho lingine. Sufuria tunaigonga dukani tusikie mlio wake. Kisu tunakijaribu kwa kidole gumba. Mbuzi ya kukunia nazi tunaigeuza tuone meno. Ikija barafu, tunachota kwa chochote kilicho karibu: kikombe, bakuli, kifuniko cha ndoo, kiganja. Nadhani ni kwa sababu tunaihesabu kuwa kitu cha kupozea, kama feni, wakati ni maji ambayo robo saa baadaye yatakuwa tumboni mwa mtu. Barafu ni chakula. Nikilisema hili kwenye shughuli watu huitikia kwa kichwa, halafu nageuka nyuma naona mkono umo ndooni.

Mama alianza kuuza juisi ya ukwaju na ubuyu tukiwa wadogo, tunakaa Keko. Friji hatukuwa nayo, na hata majirani waliokuwa nayo, mgao wa umeme uliigeuza kabati la vyombo. Kwa hiyo barafu ilinunuliwa Feri, pale kando ya kivuko cha Kigamboni, alfajiri, pamoja na watu wa samaki. Siku za Jumamosi nilikwenda naye. Ninachokumbuka ni baridi ya sakafu kupenya kandambili, na mapande marefu ya barafu yakiburutwa kwa kulabu, yanateleza kwenye saruji yenye maji bila kelele, kama mashua.

Kila pande lilikuwa na mshipa mweupe katikati, na pembeni liko angavu. Nilidhani ule weupe ni maziwa. Baadaye nilielewa: kiwandani maji humiminwa kwenye makopo marefu ya bati, na makopo hutumbukizwa kwenye tangi la maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya sifuri. Yale ya chumvi hayagandi kwa ubaridi huo, lakini yanayagandisha yaliyomo ndani ya kopo, kuanzia kuta kuelekea kati. Barafu inapojijenga huikataa hewa na chumvichumvi iliyomo majini, inaisukuma mbele, mpaka vyote vinakutana katikati na kunaswa pale. Ndio ule mshipa. Ukitaka vipande vya kupendeza kwenye bilauri, chukua vya pembeni. Vya katikati vitie chini ya chupa za soda, havina kosa lolote huko.

Aliyenifundisha kupasua alikuwa mchukuzi mmoja mzee, tulimwita Mjomba. Alibeba pande begani juu ya gunia la katani lililokunjwa mara nne. Mama alikuwa na msumari wa inchi sita na nyundo, na alikuwa akilipiga pande katikati kwa nguvu zake zote. Vipande viliruka huku na huku, vingine unga, vingine vikubwa visivyoingia kwenye jagi. Siku moja Mjomba akatua mzigo wake, akasema, "Mama, shikamoo, naomba huo msumari." Alikuwa mkubwa kwa mama yangu, lakini alimwamkia hivyo kwa sababu ya kumheshimu mteja. Mama akaona haya, akampa.

Kwanza hakupiga. Aliliacha pande likae kwenye gunia, akavuta sigara yake hadi mwisho. Lilipotoka kiwandani lilikuwa limefunikwa ukungu mweupe. Alingoja mpaka ule ukungu ulipotoweka na uso ukawa mbichi, unang'aa. "Likiwa kavu lina hasira," alisema. Sasa najua alichokuwa anangoja. Barafu iliyotoka kwenye baridi kali, nje na ndani vikiwa na nyuzi tofauti, hupasuka ovyo ukiigusa tu. Ikipata joto kidogo inatulia.

Kisha akachora mstari kwa ncha ya msumari, kutoka ukingo hadi ukingo. Akarudi juu ya mstari ule, kila baada ya vidole viwili akaupiga msumari kidogo, tundu lisilozidi kina cha ukucha. Akafika mwisho, akageuza pande, akafanya vivyo hivyo ubavuni. Pigo la mwisho lilikuwa jepesi kuliko yote. Pande likaachana vipande viwili, na nyuso zake zikawa zimenyooka kama ubao uliopigwa randa. Mama akasema "Alaa!" Mjomba akamrudishia msumari, akamwambia, "Itobolee njia kwanza. Itajipasua yenyewe."

Nimepasua mapande mengi sana tangu hapo na sijapata njia iliyo bora. Nyundo kubwa ni ya mtu asiye na muda, naye hulipa kwa barafu. Unga unaoruka ni barafu iliyopotea, kwa sababu punje ndogo huyeyuka kwanza. Ukikata mchemraba mmoja kuwa midogo minane iliyo sawa, sehemu inayoguswa na hewa inaongezeka maradufu, na uzito ni ule ule. Ndiyo maana pande zima linavumilia jua la Dar es Salaam asubuhi yote, na ukilivunjavunja saa mbili, saa nne unauza maji. Mimi huvunja kidogo kidogo kadiri meza inavyohitaji, lililobaki linakaa limefunikwa.

Nisimame kidogo kwenye neno lenyewe. Barafu tumelipata kutoka kwa Waajemi, na kwao *barf* ni theluji, ile inayoanguka kutoka mawinguni. Barafu hii yetu ngumu wao huiita *yakh*, na majengo ya zamani ya kuhifadhia barafu jangwani, yale ya udongo yenye kuba refu kama kichuguu na shimo chini yake, waliyaita *yakhchal*. Mpaka leo Muirani akisema *yakhchal* anaweza kuwa anamaanisha friji ya jikoni. Theluji nayo tulilichukua kwa Waarabu, ambao neno lao hutumika kwa vyote viwili. Watu wa pwani isiyoona theluji wakayapokea maneno mawili ya baridi na kuyagawia kazi walivyotaka wao. Napenda sana jambo hili.

Koleo nalo hivyo hivyo. Kwa mhunzi, koleo ni chombo cha kubania chuma cha moto. Kwa fundi wa ujenzi, koleo ni kile cha kuchotea mchanga. Kwenye barafu unavihitaji vyote viwili, cha kubania na cha kuchotea, na Kiswahili kimeshaviita jina moja. Hapa nitasema koleo kwa cha kubania na chepe kwa cha kuchotea, tusichanganyikiwe.

Koleo kubwa la kubebea mapande lilienea Marekani karne ya 19, wakati barafu ilikuwa ikivunwa kwenye maziwa yaliyoganda kama watu wanavyovuna chumvi. Mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston alianza mwaka 1806 kwa kupeleka shehena Martinique, kisiwa cha Karibi. Watu walimcheka. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany iliondoka na tani kama 180 za barafu yake kuelekea Calcutta, India, ikavuka ikweta mara mbili, miezi minne baharini, ikafika na tani kama 100 zikiwa bado barafu. Siri ilikuwa unga wa mbao wa kufunikia, na ukataji. Mwenzake Nathaniel Wyeth alikuwa amebuni plau ya kukokotwa na farasi iliyochora ziwa miraba iliyo sawa, kwa hiyo mapande yalipangwa melini yakabanana bila mwanya. Mwanya ni hewa, na hewa inayopita ni joto. Mwaka huo huo wa 1833 Marekani iliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli za Salem, bandari jirani kabisa na Boston, zikawa zinakuja Unguja kufuata pembe na sandarusi na kutuletea ile nguo tuliyoiita merikani. Kila nikikunja kitambaa cha kufunikia barafu hunijia kwamba vitu hivi viwili vilitoka pwani moja.

Uzuri wa koleo lile ni kwamba halihitaji nguvu ya kubana. Ni mikono miwili ya chuma iliyopinda, imepishana kama mkasi, chini ina meno, juu ina vishikio. Unayaweka meno ubavuni mwa pande, unainua. Uzito wa pande wenyewe ndio unaovuta mikono ifumbe, na kadiri pande lilivyo zito ndivyo meno yanavyozidi kuuma.

Nilimwomba fundi wa kuchomelea anitengenezee moja kwa nondo ya milimita 12. La kwanza liliteleza. Pande la kilo 25 liliachia hatua mbili kutoka kwenye gari, likaangukia mguu wa mpwa wangu, na ni bahati tu alikuwa amevaa buti. Tulikaa na fundi kulichunguza. Ile ribiti ya kiungo alikuwa ameiweka juu mno, karibu na vishikio, kwa hiyo mikono ya chini ikawa mirefu na nguvu ya kubana ikapotea njiani. Akaishusha, akapunguza mikono ya chini ibaki na nafasi ya kutosha tu kupita juu ya pande, akanoa meno upya. Toka hapo halijaachia hata mara moja. Watu wawili wanabeba pande wakitembea wima, mabega makavu, na hakuna gunia lililogusa barafu.

Maana gunia ndilo linalonisumbua kuliko yote. Gunia la katani linahifadhi barafu vizuri, sibishi. Lakini gunia lile lile jana lilikuwa kwenye sakafu ya samaki, juzi kwenye karai la mkaa. Maranda na pumba za mpunga nazo ni hivyo hivyo: zinazuia joto, na zinaingia kwenye glasi. Kama barafu ni ya samaki au ya kupozea kreti za soda, tumia gunia na Mungu akubariki. Ya kunywa ivishe kwanza karatasi safi la nailoni, ndipo uifunike gunia.

Kuna tofauti ambayo wauzaji wengi hawaisemi mpaka uulize: barafu ya samaki na barafu ya kunywa si lazima zitoke kwenye maji ya aina moja. Kwa nchi za joto, wataalamu wa samaki hushauri kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, na barafu hiyo haikukusudiwa kuingia kwenye jagi. Mwaka fulani nilinunua mapande kwa mtu niliyemwambia wazi kwamba ni ya juisi ya harusi. Tulipoyayeyusha kidogo kwenye beseni jeupe, chini kukabaki mchanga mwembamba na gamba moja la samaki. Nilirudi kwake. Akaniambia, "Dada, ikiganda si vimelea vimekufa?" Hakuwa ananidanganya, ndivyo alivyoamini, na hilo ndilo lililonitisha. Kuganda hakuui vijidudu vyote vya kipindupindu. Vinaweza kukaa humo vikingoja kuyeyuka. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliwakuta wauza juisi na matunda wa barabarani wakifukuzwa kila kona, na naamini wamo waliokuwa watu safi kabisa, wenye ndoo zilizosuguliwa, walioponzwa na pande la barafu ambalo hawakujua lilikotoka. Mama alikuwa ameshaacha biashara wakati huo. Kama asingeacha angekuwa mmoja wao.

Siku hizi barafu ya kwenye bilauri naigandisha mwenyewe, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwenye friza langu. Mapande ya kununua ni ya kupozea tu kwa nje. Hesabu yangu ni nusu kilo kwa kila mgeni, nikijumlisha ya kunywa na ya kupozea, na nikiona ukumbi hauna feni naongeza.

Kwa upande wa kuhudumia, nina mambo machache ninayoyashikilia sana. Chepe liwe la stenlesi, lisiwe la plastiki ngumu, kwa kuwa plastiki hupasuka ukingo na unarudi kule kule kwenye habari ya kioo. Liwe na matundu chini, maji yadondoke kabla barafu haijaingia kwenye bilauri. Barafu iliyolowa inaipa juisi maji kabla haijaipa baridi, na mtu aliyekamua ukwaju usiku kucha hastahili kufanyiwa hivyo. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na chepe zuri, chepe lisilazwe ndani ya barafu. Mpini umeshikwa na mikono kumi. Ukiuzika kwenye ndoo, umeitia mikono kumi ndooni. Nimemwambia fundi wangu achomelee ndoano ubavuni mwa kila deli, yaani chombo cha kutunzia barafu, chepe linaning'inia hapo, kichwa chini, nje.

Koleo dogo la mezani ni kwa ajili ya mgeni anayejihudumia vipande viwili vitatu. Liwe na meno. Yale laini ya kupendeza yanayouzwa kwa seti ya chai yanabana sukari, barafu inayaponyoka, inaanguka sakafuni, mtoto anaiokota.

Deli la barafu ya kunywa linahitaji sakafu ya pili. Mimi naweka wavu wa kuinulia juu ya vibakuli vilivyopinduliwa, barafu inakaa juu, maji yanashuka chini. Kwenye deli la soda nafanya kinyume kabisa: nataka maji yabaki. Chupa ikizungukwa na vipande vikavu inaguswa sehemu chache tu, katikati ni hewa. Ikizama kwenye barafu iliyochanganyika na maji inaguswa kote, na inapoa upesi mno. Watu wakiona namwaga maji huku na naongeza maji kule wanadhani sijui ninachotaka. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kuyatoa maji yale yale kwenye nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Baridi yote ya barafu imefichwa kwenye kule kuyeyuka. Kazi yangu ni kuchagua iyeyukie wapi.

Askrimu ina kifaa chake, na mwenye kukibuni ningependa ajulikane zaidi kwetu. Alfred Cralle alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1866, akawa mhudumu huko Pittsburgh. Aliona wahudumu wakihangaika na vijiko viwili, askrimu ikigoma kutoka kwenye kijiko, mkono mmoja ukikwangua mwingine. Tarehe 2 Februari 1897 akapewa hataza ya kichoteo chenye wembe mwembamba ndani, ukibonyeza mpini wembe unazunguka na donge linaachia lenyewe. Kwa mkono mmoja. Nikikishika kile cha kwangu nafikiria mtu aliyesimama nyuma ya meza, anahudumia, na bado ana nafasi kichwani ya kutazama vizuri kile kinachowachosha wenzake.

Yule kijana wa bilauri bado niko naye. Sasa ndiye msimamizi wa meza ya vinywaji, na kabla shughuli haijaanza anawasimamisha wahudumu wapya mbele ya deli, anawaonyesha ndoano, anamwambia kila mmoja alitundike chepe mwenyewe mara tatu. Anachukua na bilauri tupu, anaiinua. "Hii ikiingia humu," anasema, "tunamwaga zote. Muulizeni dada."

Jumamosi hii tuko Mbagala, wageni 400. Msumari wa Mama ninao, niliutilia mpini wa mninga kwa sababu ulikuwa unaniumiza kiganja. Ncha yake imepinda kidogo upande wa kushoto, kwa zile siku alizokuwa akipiga kwa nguvu kabla ya Mjomba. Nimeshazoea, nauelekeza kidogo kulia na mstari unakuja sawa.